Nani Mwenye Sura Hii? Avata, Utambulisho na Utamaduni katika Ulimwengu wa Mtandaoni

Ulimwengu wa mtandaoni, kwa maana itakayotumika katika makala haya, ni mahali palipojengwa kwa programu ya kompyuta, ambapo watu wengi walio mbalimbali huingia kwa wakati mmoja, huonana, huzungumza na kufanya mambo ambayo hubaki yalivyo hata baada ya mmoja wao kuzima mashine yake na kwenda kulala. Sifa hiyo ya kubaki ndiyo inayoutenga na mchezo wa kawaida wa kompyuta, kwa sababu mchezo wa kawaida huanza na kwisha pamoja na mchezaji, ilhali ulimwengu wa mtandaoni huendelea kuwapo ndani ya seva, yaani kompyuta inayohifadhi na kusambaza kila kitu kilichomo, na anayerudi kesho huwakuta wenzake wamejenga, wamegombana, wameoana au wamehama bila yeye. Kwa kuwa hakuna awezaye kuingia humo kwa mwili wake, kila mmoja huingia kwa avata, umbo linaloonekana kwenye kioo na ambalo hutembea, husema na kutenda kwa amri ya mwenyewe.

Imezoeleka kudhaniwa kwamba umbo hilo ni kinyago tu, kwamba mtu hulivaa apendavyo na kulivua bila kubakiwa na kitu, na kwamba yanayotendeka humo hayana uzito kwa sababu hayana nyama wala damu. Historia ya zaidi ya miaka 40 ya malimwengu haya inaonyesha mambo yalivyo tofauti kabisa na dhana hiyo. Utambulisho wa mtu mtandaoni hutengenezwa kwa sehemu kubwa na macho ya wenzake, na kwa sehemu nyingine na orodha ya chaguo alizowekewa na kampuni iliyojenga ulimwengu ule. Utamaduni unaozaliwa humo hubebwa na watu na huweza kuishi hata programu ikifa. Lakini haki ya kuuzima ulimwengu, kuufunga na kuufuta, iko mikononi mwa mwenye seva. Hapo ndipo penye jambo linalostahili kufikiriwa kwa makini kuliko swali la kila siku la iwapo vijana wanapoteza muda.

Ulimwengu unaotajwa mara nyingi kuwa wa kwanza wa aina hii ulianza mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, pale wanafunzi wawili, Roy Trubshaw na Richard Bartle, walipoandika programu iliyowawezesha watu kadhaa kuzunguka pamoja katika nchi iliyoelezwa kwa maneno matupu. Hapakuwa na picha. Mtu aliandika amri, akasoma alichokiona na aliyekutana naye. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ya Lucasfilm Games ya Marekani ilitengeneza Habitat, ulimwengu wenye picha uliotumia kompyuta za nyumbani za Commodore 64 na laini za simu, na wabunifu wake, Chip Morningstar na Randy Farmer, wakaliita umbo la mchezaji avata, neno lenye asili ya Kisanskriti ambalo katika dini ya Kihindu hutaja kushuka kwa mungu duniani akiwa na umbo la kiumbe. Neno lenyewe lilikuwa limekwisha kutumiwa na Richard Garriott katika mchezo wa Ultima IV wa mwaka 1985, na riwaya ya Neal Stephenson ya mwaka 1992, Snow Crash, ndiyo iliyolifikisha kwa umma mpana.

Uhuru wa kuchagua sura ulionekana mapema kuwa zawadi kubwa. Katika LambdaMOO, ulimwengu wa maandishi uliofunguliwa mwaka 1990 na Pavel Curtis, mtafiti wa kituo cha Xerox PARC huko California, mchezaji hakulazimika kuwa mwanamume wala mwanamke tu, kwa kuwa programu ilimpa jinsia nyingine kadhaa za kubuni, kila moja na viwakilishi vyake vya kisarufi. Sherry Turkle, mwanasosholojia wa chuo cha MIT, aliwahoji wakaazi wa malimwengu ya aina hiyo na mwaka 1995 akachapisha kitabu, Life on the Screen, alimoeleza kwamba watu waliyatumia kujaribu pande za nafsi zao ambazo maisha ya kawaida hayakuzipa nafasi. Mtu mpole alijifunza kukataa. Mwanamume aliyejitambulisha kama mwanamke alishangazwa na misaada asiyoiomba na bughudha asiyoizoea.

Hata hivyo LambdaMOO ndiko pia ilikodhihirika kwamba umbo la maneno linaweza kujeruhiwa. Mwaka 1993 mchezaji aliyejiita Mr. Bungle alitumia programu ndogo iliyomwezesha kuandika vitendo kwa jina la avata za wengine, akawaonyesha mbele ya hadhira wakifanyiwa na kufanya mambo ya udhalilishaji wa kingono ambayo wenyewe hawakuyaandika wala hawakuweza kuyazuia. Mwandishi wa habari Julian Dibbell aliyesimulia tukio hilo katika gazeti la The Village Voice mwezi Desemba mwaka huo alieleza jinsi mmoja wa waathiriwa, mwanamke aliyekuwa mbele ya kompyuta yake Seattle, alivyolia machozi ya kweli alipokuwa akiandika kudai hatua zichukuliwe. Siku chache baadaye wakaazi wengi walikutana ndani ya ulimwengu wenyewe kujadili adhabu, wakabishana kwa muda mrefu bila kuafikiana, na mwishowe mmoja wa waendeshaji akaamua peke yake kumfuta mkosaji. Curtis, ambaye awali alikuwa amewaondoa waendeshaji katika mambo ya kijamii akitumaini kwamba wakaazi watajiongoza, alilazimika kuanzisha utaratibu wa maombi na kura. Watu waliokuja kucheza walijikuta wanatunga sheria, na sababu yake ilikuwa moja: heshima ya avata ilikuwa imeshakuwa sehemu ya heshima ya mtu.

Suala la rangi lilichelewa kupewa uzito uleule, na uchelewaji huo haukuwa wa bahati mbaya. Waandishi wengi wa miaka ya 1990 waliamini kwamba mahali pasipoonekana ngozi pangekuwa mahali pasipo na ubaguzi. Lisa Nakamura, mtaalamu wa utamaduni wa vyombo vya habari, alipinga imani hiyo mwaka 1995 kwa kuonyesha kwamba katika LambdaMOO avata ambaye hakutaja rangi yake alichukuliwa moja kwa moja kuwa Mzungu, na kwamba wachezaji waliojivika sura za Kiasia mara nyingi walichagua samurai na wanawake watiifu wa sinema, sura zilizotokana na ndoto za watazamaji na zisizowahusu Waasia halisi. Tabia hiyo aliiita utalii wa utambulisho, kwa maana kwamba mtu hutembelea rangi ya mwingine kwa starehe, bila kubeba hata siku moja mzigo unaoambatana nayo, kisha hurudi nyumbani akidhani amekwisha kuielewa.

Kilichofuata teknolojia ya picha ilipokua kinathibitisha hoja yake. Orodha ya chaguo anazopewa mchezaji ni uamuzi wa watu fulani katika ofisi fulani, na kwa miaka mingi watu hao walitengeneza ngozi nyingi nyeupe, chache za kahawia zilizofifia kama majivu, na nywele za singa za kila mtindo huku nywele za Kiafrika zikiwa moja au mbili, tena zisizo na umbo la kueleweka. Mchezaji mweusi aliyetaka avata inayofanana naye alikuta kwamba yeye hakufikiriwa. Mwezi Desemba 2020 ndipo watengenezaji wa The Sims 4, mchezo uliotoka mwaka 2014, walipoongeza rangi za ngozi zaidi ya 100 baada ya malalamiko ya muda mrefu, na wengi wa waliolalamika walikuwa wamekwisha kuchoka kusubiri na kujitengenezea ngozi na mitindo yao ya nywele wenyewe, kazi ya mikono iliyogawanywa bure kwa wenzao.

Mfano ulio kinyume ni wa Rust, mchezo wa kampuni ya Facepunch Studios ya Uingereza. Mwaka 2015 watengenezaji wake waliamua kwamba rangi na sura ya kila mchezaji itatolewa kwa bahati na kufungwa kwenye akaunti yake bila uwezo wa kubadilisha, na mwaka uliofuata wakafanya vivyo hivyo kwa jinsia. Wachezaji wengi Wazungu waliamka wakajikuta weusi, wengi wa wanaume wakajikuta wanawake, na malalamiko yao yakawa makali. Inafaa kuyatazama malalamiko hayo kwa uadilifu, kwani aliyesema kwamba anashindwa kucheza akiwa na mwili asiouchagua na usiofanana naye alikuwa akieleza, huenda kwa mara ya kwanza maishani mwake, hali ambayo mamilioni ya wachezaji wengine walikuwa wameishi nayo tangu michezo ya kompyuta ianze.

Avata haishii kuonyesha utambulisho. Humgeuza mwenyewe pia. Nick Yee na Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2007 matokeo ya majaribio ambamo watu walipewa, bila kuchagua, avata warefu au wafupi, kisha wakatakiwa kugawana fedha za kubuni na mtu mwingine. Waliopewa urefu walipendekeza mgawanyo wa kujipendelea zaidi, na waliopewa ufupi walikubali kwa urahisi zaidi mgawanyo wa dhuluma. Katika jaribio jingine, waliopewa sura za kupendeza walisogea karibu zaidi na mgeni na kumweleza habari zao nyingi zaidi. Watafiti hao waliliita jambo hilo athari ya Proteus, kwa jina la mungu wa Kigiriki aliyejigeuza maumbo. Kwa maneno mengine, mtu humwangalia avata wake, akakisia mtu mwenye sura ile angetenda nini, kisha akatenda hivyo.

Mwili wa kweli nao hauachwi mlangoni. Mchezaji wa Mombasa, Arusha au Goma anapoingia katika mchezo ambao seva zake za karibu ziko Ulaya, Ghuba au Afrika Kusini, amri yake husafiri maelfu ya kilomita kabla avata haijasogea, na katika mchezo wa kupigana, sehemu ndogo za sekunde zinazopotea njiani hutosha kumfanya aonekane mzembe mbele ya mpinzani mwenye ustadi sawa na wake. Wenzake hawauoni umbali huo, wanachokiona ni mchezaji dhaifu.

Miongoni mwa malimwengu yaliyochunguzwa zaidi kwa habari za utamaduni ni Second Life, uliofunguliwa mwezi Juni 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco chini ya Philip Rosedale. Humo hakuna adui wa kushinda wala hatua za kupanda; ardhi ni tupu, na karibu kila nyumba, vazi na mti vimetengenezwa na wakaazi, ambao tangu Novemba 2003 walitambuliwa kuwa wenye hakimiliki ya kazi zao na ambao huuziana kwa sarafu ya ndani inayobadilishwa kwa dola za Marekani. Mwaka 2007 Sweden ilifungua humo ubalozi wake wa kuonyesha utamaduni wa nchi hiyo. Mwaka 2013, ulipotimiza miaka 10, kampuni ilitangaza kwamba akaunti milioni 36 zilikuwa zimefunguliwa na kwamba wapatao milioni 1 walikuwa wakiingia kila mwezi.

Tom Boellstorff, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha California huko Irvine aliyekuwa amefanya utafiti wake wa awali Indonesia, aliamua kuishi Second Life kama mtafiti aishivyo kijijini. Kuanzia mwaka 2004 hadi 2007 avata wake, Tom Bukowski, alikuwa na nyumba na ofisi aliyoiita Ethnographia, alihudhuria harusi na mazishi, alifanya mahojiano, na hakuwahi kuwatafuta watu wake nje ya ulimwengu ule ili kuhakiki ni akina nani hasa. Msimamo wake, alioutetea katika kitabu Coming of Age in Second Life cha mwaka 2008, ni kwamba utamaduni wa mahali hupimwa kwa masharti ya mahali penyewe: ikiwa wakaazi hawaulizani habari za nje ili kuaminiana, basi mtafiti anayeuliza atakuwa anachunguza kitu kingine. Wapo waliomlaumu kwa kuukata ulimwengu huo na mizizi yake, na lawama hiyo ina uzito, kwa kuwa aliye na kompyuta nzuri na muda wa jioni alikuwa tayari ni mtu wa tabaka fulani. Hata hivyo, bila ustahimilivu wake yasingejulikana mambo madogo yaliyofanya Second Life iwe nchi ya watu.

Mojawapo ni majina. Hadi mwaka 2010 mkaazi alijipa jina la kwanza alilotaka, lakini la ukoo ilimbidi alichague katika orodha fupi iliyobadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo waliojiunga kipindi kimoja walijikuta wana jina moja la ukoo, wakaitana ndugu, na mwenyeji aliweza kukadiria umri wa mgeni kwa kusikia jina lake tu. Siku ya kujiunga iliadhimishwa kila mwaka kama siku ya kuzaliwa. Kampuni ilipoondoa utaratibu huo na kuwapa wageni wote jina moja la ukoo lenye maana ya mkaazi, wengi waliona wamenyang'anywa nasaba, na miaka 10 baadaye, mwaka 2020, majina ya ukoo yalirudishwa kwa malipo. Badiliko jingine lilikuwa kubwa zaidi: mwaka 2007 wakaazi waliwezeshwa kuzungumza kwa sauti badala ya kuandika. Kwa walio wengi ulikuwa wepesi, lakini kwa mwanamume aliyeishi humo miaka mitatu akiwa mwanamke, kwa kiziwi ambaye maandishi yalimfanya sawa na wote, na kwa mgeni ambaye lafudhi yake ingemtoa, sauti ilibomoa kwa siku moja utu uliojengwa kwa subira. Kunyamaza nako kukawa ushahidi dhidi yao.

Hakuna kisa kinachoonyesha nguvu na udhaifu wa tamaduni hizi kama kile cha watu wa Uru. Uru: Ages Beyond Myst ulitolewa Novemba 2003 na kampuni ya Cyan Worlds ya Marekani, ukiwa mwendelezo wa michezo ya mafumbo ya Myst, na ulikusudiwa uwe na sehemu ya mtandaoni ambamo wachezaji wangechunguza kwa pamoja magofu ya D'ni, mji wa kubuni ulio chini ya ardhi wenye lugha na tarakimu zake. Mvuto wake haukuwa wa vita. Waliojiunga walikuwa wanaume na wanawake kwa idadi inayokaribiana, wengi wao wa makamo, watu waliopenda kufikiri pamoja, na kinyume na desturi ya michezo mingi hawakujigeuza majitu wala wachawi. Katika Uru mtu aliingia akiwa yeye mwenyewe, na ulimwengu ndio uliokuwa wa ajabu. Mapema mwezi Februari 2004, kabla sehemu hiyo haijafunguliwa rasmi kwa wote, ilitangazwa kwamba inafungwa kwa sababu waliojiandikisha hawatoshi, na siku chache tu baadaye seva zikazimwa. Wengi waliingia saa za mwisho, wakakusanyika katika mitaa yao, wakasogezana karibu na kungoja hadi picha iliposimama.

Celia Pearce, mtafiti na mbunifu wa michezo aliyewafuata watu hao kwa muda mrefu na kuandika habari zao katika Communities of Play, kitabu cha mwaka 2009, anaeleza kwamba kundi moja, lililojiita The Gathering of Uru, halikutawanyika. Lilijadiliana kwingine mtandaoni, likatuma wapelelezi katika malimwengu mengine, na wengi wao wakahamia There.com, ulimwengu uliokuwa umefunguliwa mwaka 2003, huku wengine wakienda Second Life. Walijiita wakimbizi, na yaliyowapata yalifanana na yanayowapata wakimbizi wowote: wenyeji waliona kwamba wageni hawa wanajaza seva na kupunguza kasi ya kila kitu, wakawabughudhi, na kundi likahama mara kadhaa kabla ya kupata kisiwa cha kukaa. Huko walianza kutengeneza vitu vya Uru kwa vifaa vya nchi mpya, wakajenga upya kumbi na chemchemi walizozikumbuka, na polepole kikazaliwa kitu kisichokuwa Uru wala There. Vilevile kila mtu alihamisha jina lake, na jina hilo likaja na sifa zake zote. Aliyekuwa mpatanishi alibaki mpatanishi, na mwanamke aliyekuwa kiongozi wa mtaa, ambaye hakuwahi kuutafuta uongozi wala kuwa nao katika maisha yake ya nje, alijikuta anaongoza msafara kwa sababu wenzake walimwona hivyo. Pearce anasisitiza hapo kwamba nafsi ya avata hutokana na watu kuoneana, si na mtu kujichora.

Pwani ya Afrika Mashariki ina kumbukumbu inayolifanya jambo hili lisionekane geni. Ngoma ya beni, iliyozuka katika miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 na kuenea Dar es Salaam, Tanga na hatimaye bara hadi Kongo na Malawi, ilikuwa na vyama vilivyoshindana, vikiwemo Marini na Arinoti, ambamo wanachama walivaa sare na kupewa vyeo vya kijeshi na kifalme vya Kizungu. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyeandika habari za beni katika kitabu cha mwaka 1975, alionyesha kwamba wakoloni walioidharau kama uigaji na wale walioiogopa kama njama wote hawakuielewa. Mpagazi au karani aliyekuwa jenerali jioni hakudhani kwamba amekuwa Mzungu. Alikuwa amepata cheo ambacho wenzake walikitambua, kilichomtaka achange, avae vizuri, ahudhurie maziko ya mwanachama na kuwapokea wageni wa chama chake kutoka mji mwingine. Cheo kilikuwa cha kubuni na wajibu wake ulikuwa wa kweli. Tofauti na Uru iko mahali pamoja tu, nayo ni kubwa: hapakuwa na mtu mwenye ufunguo wa kuizima beni. Serikali iliweza kukataza maandamano, lakini haikuweza kufuta majina, sare na nyimbo kutoka vichwani na majumbani mwa watu, kwa sababu vilikuwa mali yao.

Malimwengu yanayotawala leo yamekwenda mbali zaidi katika kuugeuza utambulisho kuwa bidhaa. Katika Fortnite, mchezo wa kampuni ya Epic Games ulioanza mwaka 2017, mtu huingia bure, lakini mavazi na sura za avata, ambazo wachezaji huziita skini, huuzwa, na katika baadhi ya shule za Marekani na Ulaya mtoto anayecheza na sura ya bure hutaniwa na kutengwa kwa hali hiyo. Umaskini wa mzazi umepata njia ya kuonekana hadi mahali ambapo kila mtu angeweza kuwa chochote. Hata mienendo ya mwili imetiwa bei. Mwezi Desemba 2018 mwanamuziki 2 Milly wa Brooklyn aliishtaki Epic akidai kwamba mtindo wake wa kucheza ulichukuliwa, ukapewa jina jingine na kuuzwa kwa avata bila ridhaa yake, na wengine walifungua madai kama hayo. Kesi yake iliondolewa mwaka 2019, baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuamua kwamba mdai sharti kwanza akamilishiwe usajili wa hakimiliki ndipo afungue shauri. Sheria ilisema yake. Lakini haikanushiki kwamba miondoko iliyozaliwa mitaani, miongoni mwa vijana weusi, iliwafikia mamilioni ya watoto duniani ikiwa haina jina la mtaa wala la aliyeianzisha.

Ambaye bado anaamini kwamba uhusiano wa avata na avata ni kivuli tu atazame maisha ya Mats Steen, kijana wa Norway aliyezaliwa na ugonjwa wa misuli wa Duchenne na kufariki Novemba 2014 akiwa na umri wa miaka 25. Wazazi wake walihuzunika kwa miaka wakiamini kwamba mtoto wao, aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu mbele ya mchezo wa mtandaoni wa World of Warcraft usiku na mchana, hakuwahi kupata urafiki wala kuwa na umuhimu kwa mtu yeyote. Baba yake alipotangaza kifo hicho, barua pepe zilianza kuingia kutoka nchi mbalimbali za Ulaya. Zilimtaja Ibelin, mkimbiaji na mpelelezi hodari, mwanachama wa kundi liitwalo Starlight, aliyewasikiliza watu katika majonzi yao, aliyemsaidia mama mmoja kuelewana na mwanawe, na ambaye kwa muda mrefu hakumwambia mtu kwamba anaumwa. Wawakilishi wa kundi hilo walisafiri hadi kwenye mazishi yake. Mtengenezaji wa filamu Benjamin Ree alipotayarisha filamu yake juu ya maisha hayo, iliyotoka mwaka 2024, aliweza kurejesha mazungumzo yaliyosemwa hasa, kwa kuwa Starlight walikuwa wamehifadhi kumbukumbu za maandishi zilizofikia kurasa 42,000.

Hifadhi hiyo inastahili kutazamwa mara mbili. Ilikuwapo kwa sababu wanakundi waliitunza wenyewe. Kama wangeitegemea kampuni, huenda ushahidi wote kwamba Mats alipenda na kupendwa ungekwisha kufutwa. There.com, waliyoikimbilia watu wa Uru, ilifungwa Machi 2010 na kufunguliwa tena mwaka 2012. Uru yenyewe ilifufuliwa mwaka 2007 chini ya kampuni nyingine, ikafungwa tena mwaka 2008, na mwaka 2010 Cyan ikaifungua bila malipo kwa msaada wa michango ya wachezaji, kisha ikatoa hadharani sehemu kubwa ya programu yake ili wapenzi wake waweze kuiendesha. Hatua hiyo ya mwisho ni ya haki, na bado ni nadra. Masharti ya kawaida, ambayo mtumiaji huyakubali kwa kubonyeza kitufe bila kuyasoma, humpa mwenye seva mamlaka ya kufuta akaunti, mali na ulimwengu mzima wakati wowote na kwa sababu yoyote.

Wabunifu wa michezo wanazidi kujitokeza Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, na baadhi yao wana ndoto ya kujenga malimwengu yenye miji, mavazi na lugha za Afrika Mashariki. Nywele na ngozi watazijua bila kufundishwa. Wanachoombwa, wao na watunga sheria wanaoshughulikia ulinzi wa mtumiaji na taarifa binafsi, ni kuandika mapema, kabla mkaazi wa kwanza hajaingia, ilani ya muda gani itatolewa ulimwengu ukitaka kufungwa, ni kwa njia gani mtu ataondoka na jina, picha, maandishi na kazi zake, na ni nani atakabidhiwa programu pale mwenye kuimiliki atakapoona haimlipi tena.